Siku Delia Looby Alipokaribisha Mara Moja Tu

Ukibisha hodi kwa Delia Looby leo kuomba ufunguo wa abasia, jiandae, maana utakaribishwa chai mpaka uchoke. Ukikataa atakukaribisha tena. Ukikataa tena atakushika mkono wa koti. Kuna Mjerumani mmoja, pande la mtu, aliyekatazwa chai na daktari kwa ajili ya tumbo lake. Alikataa kwa heshima, akakataa kwa huzuni, akakataa akiwa amekwisha kuketi, na mwisho akanywa birika zima, na tumbo likapona hapo hapo. Watu wa Kilcarran wanasema Delia amezeeka, hajui tena kuhesabu. Wanamwonea. Delia anajua kuhesabu vizuri sana, na hilo ndilo linalomsumbua.

Abasia, nyumba ya kale ya watawa, iko ng'ambo ya barabara, mkabala na dirisha la jikoni kwake. Ni kuta zisizo na paa, mnara uliojaa kunguru, na katikati ya kuta hizo makaburi ya watu wa mji, wa juzi na wa tangu enzi za watawa. Lango lake la chuma hufungwa ili ng'ombe wa Fintan Quirke wasilale juu ya marehemu. Ufunguo unakaa kwa akina Looby tangu babu wa babu yake Delia. Ni mrefu kama mkono wa mtoto, na uzito wake umeshusha bega la kulia la kila Looby, hata wachanga ambao hawajawahi kuubeba. Unaning'inia nyuma ya mlango, juu ya kibakuli cha maji ya baraka.

Kutunza ufunguo ule hakuna mshahara, ila kuna adabu zake. Mgeni akibisha humpi ufunguo mlangoni kama mtu anayewatupia kuku punje. Unamkaribisha chai. Yeye anasema la, hataki kukusumbua. Unamkaribisha tena. Anasema ametoka kunywa sasa hivi, kumbe koo lake limekauka kama soli ya kiatu. Unamkaribisha mara ya tatu, ndipo anasema, "Basi nusu kikombe tu, bibi, usije ukajichosha." Hapo anaingia, anapewa mkate wa magadi wenye siagi, anasikia habari za watawa, na anapoinuka ufunguo uko mkononi mwake. Kilcarran yote inaishi hivyo. La ya kwanza ni salamu tu. Hata mtoto ambaye hajaota meno ya mbele anajua.

Wageni wa mbali hawajui, na hawalaumiwi. Yupo anayekataa akawa amekataa kweli, ukabaki na birika linachemka bure. Na yupo, huyu ndiye wa kuhurumiwa, anayeitikia karibu ya kwanza. "Ndiyo, asante," papo kwa papo, mguu umeshaingia. Huyo akiondoka, Mossie, kaka yake Delia, mseja aliyekaa kwenye kiti kimoja kando ya moto mpaka kiti kikachukua sura yake, humtazama kwa dirisha na kusema, "Masikini. Hana watu."

Sasa ile Jumapili ya Septemba, kaunti yao ilikuwa kwenye fainali ya mpira wa magongo kule Dublin. Ilikuwa haijafika fainali tangu nywele za Delia zilipokuwa nyeusi. Mji ulipambwa buluu na njano kutoka daraja hadi ngome. Mbwa walivaa skafu. Padri Culhane alisoma misa kwa mbio kiasi kwamba waliopiga magoti kwa taratibu walikuta wenzao wameshafika nyumbani. Wenye tiketi walikwenda Dublin, wasio na tiketi wakajifungia na televisheni zao, na barabarani hakukubaki kitu ila upepo.

Mchezo ulikuwa sare. Dakika zilikuwa zimekwisha, mwamuzi anatazama saa, na Mossie alikuwa ameacha kupumua kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa. Ndipo mlango ukabishwa.

"Usiende," alisema Mossie.

"Nitaachaje kwenda?"

"Kwa kukaa."

Delia alikwenda. Alifungua mlango nusu. Nje alisimama mwanamke mtu mzima, kamzidi yeye umri, amevaa koti la mvua rangi ya haradali, na mkononi ana maua ya njano na ya buluu.

"Habari za mchana, bibi," alisema yule mwanamke. "Samahani sana. Nilikuwa naomba ufunguo wa abasia, kama si usumbufu."

"Si usumbufu. Karibu chai."

Alisema hivyo mguu mmoja ukiwa bado ukumbini na shingo imegeukia kelele za ndani. Na yule mwanamke akajibu, kwa sauti ile ile aliyojibia mama yake Delia, na shangazi zake, na kila mwanamke aliyelelewa kati ya daraja lile na ngome ile:

"Aa, la, bibi. Sitaki kukusumbua. Naona mna mpira."

Delia aliisikia. Msije mkasema hakuisikia. Viatu vilikuwa vya Marekani na koti la Marekani, lakini ile la ilikuwa ya nyumbani, imekaa mahali pake hasa, inangoja ya pili. Kilichotakiwa ni maneno mawili, "Ingia bwana," basi. Ndani, mtangazaji akapandisha sauti.

"Naweza kuja kesho," aliongeza yule mwanamke, akampa nafasi nyingine.

"Haya, basi kesho," alisema Delia, akafunga mlango.

Aliufunga polepole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala, na upole ule ndio uliomchoma zaidi baadaye.

Alipogeuka alisikia ukelele uliotikisa vikombe kabatini. Akakimbia. Mossie alikuwa amesimama juu ya kiti chake, kitu ambacho hakijaonekana tangu vita viishe, na katika kuruka alikuwa ameng'oa waya wa antena. Kwenye televisheni zilibaki chenga tupu.

"Umeliona?" aliuliza Mossie, machozi yanamtiririka.

"Nimeona nini?"

"Goli, dada. Goli la ushindi. Kapiga toka pembeni, akiwa chini, akiwa amelala kabisa. Hujaliona?"

Hakuliona. Alimfukuza mgeni kwa ajili ya goli, na goli lenyewe likampita.

Mji ulimwagika barabarani. Delia naye akatoka, na kitu cha kwanza alichokiona ni lango la abasia. Kwenye nondo zake, usawa wa kifua, yalifungwa maua yale ya njano na ya buluu kwa utepe wa nywele. Mwenyewe hayupo.

Fintan Quirke mwenye baa alikuja mbio na glasi ya bia nyeusi, povu linamwagikia mkono. "Dada Delia, wewe ndiye umetuzidi wote. Rangi za kaunti kwenye lango la abasia. Hata waliolala humo wajue tumeshinda."

Watu wakageuka, wakaona maua, wakapiga makofi. Mmoja akamwinua Delia kutoka ardhini. Palikuwa na nafasi nzuri ya kusema ukweli.

"Eeh," alisema Delia. "Niliona bora kupambapamba."

Bia aliyopewa na Fintan ilimkwama kooni. Jirani mmoja aliapa kwamba aliiona ikirudi kwenye glasi.

Asubuhi alivuka barabara na kuyatazama maua. Yalikuwa yameanza kulegea shingo. Alinyoosha mkono kuyafungua ayatie maji, akaurudisha. Hayakuwa yake kuyagusa. Akarudi ndani, akaoka mkate, akaweka birika, akakaa karibu na mlango.

"Nani anakuja?" aliuliza Mossie.

"Mwanamke wa jana. Alisema atakuja leo."

"Alisema au ulimsemesha?"

Delia akafuta meza ambayo ilikuwa imekwisha kufutwa.

"Ulimkaribisha mara ngapi?"

"Mossie, kunywa chai yako."

"Mara mbili?"

Delia akakung'uta makombo ya mkate.

"Mara moja?" Mossie aliweka kikombe chini. "Mara moja tu, Delia? Na alikuwa mtu wa kwetu?"

"Nitajuaje kama ni wa kwetu?"

"Kwa alivyokataa."

Ndugu huyo alikuwa hajamwambia neno la maana kwa miaka, na siku aliyoamua kusema alisema hilo.

Chai ya Delia ni nzito, panya angeweza kutembea juu yake asilowe makucha. Ile ya asubuhi hiyo ilikaa mpaka ikawa kama lami, na hakuna aliyebisha. Ilipokaribia saa ya chakula cha mchana Delia aliinuka, akautoa ufunguo ukutani, akauficha ndani ya koti, akatoka kwenda mjini. Akitembea, ufunguo unampiga ubavuni kama mtu anayemkumbusha jambo.

Alianza ngomeni, kwa kuwa hakuna mgeni anayefika Kilcarran asipande ngomeni. Philomena Daly, mkatishaji tiketi, alikuwa bado na sauti iliyokauka kwa kushangilia.

"Wa koti la haradali? Alikuwa hapa Jumamosi," alisema. "Mwanamke mtamu huyo. Nilimpitisha bure kwenye ukumbi wa karamu, akakaa kwenye kiti cha mwenye ngome, akacheka kama msichana. Wafumaji wa lesi wakampa kitambaa. Mzee wa boti akamzungusha mtoni kuwaona bata maji, akakataa kulipwa. Unajua aliniambia nini? Kwamba alikuwa anaogopa kurudi, lakini kila mlango aliobisha umefunguka."

"Jumamosi?"

"Jumamosi. Mbona uso umekushuka, mama? Tumeshinda."

Delia akaenda kwa Quirke. Baa ilikuwa na harufu ya bia iliyomwagika na ya wanaume waliolala na viatu. Fintan alikuwa anafagia vipande vya glasi.

"Fintan, mwanamke wa koti la haradali."

"Peg Scully," alisema Fintan bila kuinua kichwa. "Amelala hapa juu, chumba cha mbele. Binti wa Scully fundi wa matandiko ya farasi, wewe ulikuwa hujazaliwa alipoondoka. Kaenda Amerika bado msichana. Mama yake alipofariki hakuweza kuja, meli haikumngoja mtu enzi zile. Sasa ndiyo amepata kuja, mara moja kabla magoti hayajamkatalia. Mama yake si yuko humo kwako, upande wa dirisha lililovunjika?"

Delia alikaa kwenye kigoda bila kuombwa.

"Ameshafika kaburini?" aliuliza, ingawa jibu lilikuwa ndani ya koti lake, linamchoma ubavu.

"Hilo ndilo la ajabu. Jana jioni nilimuuliza. Akasema lango lilikuwa limefungwa, na hapakuwa na mtu nyumbani. Nikamwambia haiwezekani, Delia na Mossie wamekaa humo siku nzima wanatazama mpira. Akasema basi labda hakubisha vizuri."

"Kasema hivyo?"

"Kwa mdomo wake. Labda hakubisha vizuri."

Kama yule mwanamke angemtukana katikati ya baa, Delia angejua la kufanya. Angetukana naye, wangemalizana, wangenunuliana kinywaji. Lakini kafunikwa. Kafunikwa aibu yake na mtu ambaye yeye ndiye aliyemfungia mlango, kwa kitambaa kisafi, kama anavyofunikwa mgonjwa mbele ya wageni.

"Yuko juu?"

"Ameshashuka. Anaondoka na basi la saa nane. Dada Delia, hiyo ni nini inatokeza kwenye koti lako? Unakwenda kumpiga nani?"

Hakuna aliyewahi kumwona Delia Looby akikimbia, na waliomwona siku hiyo hawajakubaliana mpaka leo. Wapo wanaosema viatu vilibaki nyuma vikamfuata vyenyewe. Alifika penye daraja akiwa ameukumbatia ufunguo kwa mikono miwili. Basi lilikuwa linanguruma. Dereva, Christy Tuohy, alikuwa anapakia sanduku la mwisho, na Peg Scully alikuwa amekwisha kaa karibu na mlango, kile kitambaa cha lesi mapajani.

Delia alipanda kidato cha kwanza, akashikilia chuma, akatafuta pumzi.

"Nimekuletea ufunguo," alisema.

"Aa, la," alisema Peg kwa upole. "Sitaki kukusumbua."

"Hakuna usumbufu. Twende, ni hapo tu."

"Basi litaondoka. Watu wasicheleweshwe kwa ajili yangu."

Kila mmoja ndani ya basi lile alikuwa anahesabu.

"Twende, Peg," alisema Delia. Ilikuwa ya tatu, na ndani yake kitu kilianza kulegea, maana kila mtu anajua kinachokuja baada ya tatu.

"La, bibi," alisema Peg. "Asante."

Mwanamke mmoja kiti cha nyuma alivuta pumzi. Christy Tuohy akavua kofia. Delia alibaki kwenye kidato. Maisha yake yote hakuwahi kufika ng'ambo ya tatu, na huko hakukuwa na neno alilofundishwa.

"Nilijua," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo, lakini basi ni dogo. "Ulipokataa nilijua hukukataa. Nilijua wewe ni wa hapa kabla hujamaliza kusema. Nikafunga."

"Najua ulijua," alisema Peg. "Ulifunga polepole mno."

"Na goli lenyewe sikuliona."

Peg alimtazama kwa mara ya kwanza. "Hukuliona?"

"Mossie aling'oa waya."

"Mimi niliona," alisema Peg. "Nilikuwa nakwenda zangu, nikapita dirishani kwenu. Nikatazama juu ya kichwa cha kaka yako. Kapiga akiwa amelala chini." Pembe ya mdomo wake ilitikisika. "Nilipiga kelele peke yangu barabarani kama mwendawazimu. Halafu nikakumbuka kwa nini niko barabarani."

Hakuna aliyecheka, ingawa wawili watatu walitaka.

Christy Tuohy alivaa kofia yake, akapanda, akafunga mlango wa basi Delia akiwa ndani. "Leo injini ina kikohozi," alitangaza. "Nitaipitisha njia ya abasia, ipate hewa." Njia ya abasia haiendi popote, huishia kwenye malisho ya Quirke, na abiria wote walijua, na wote walitazama nje kama watu walioona hilo ni jambo la kawaida kabisa kwa injini.

Delia alifungua lango mwenyewe. Kufuli lililia, ufunguo akauacha humo. Peg alifungua utepe, akatwaa maua yake yaliyokufa nusu, akaingia mpaka upande wa dirisha lililovunjika. Abiria walibaki barabarani, wanaume wameshika kofia. Delia naye alibaki nje ya lango. Hakuna aliyemkataza kuingia. Alisikia kunguru, na chini ya kunguru alisikia mtu akizungumza na jiwe, maneno marefu, yaliyowekwa siku nyingi. Alijilazimisha kusimama pale pale, bila kuziba masikio wala kusogea karibu.

Kisha akavuka barabara kwenda kuchemsha maji. Mossie alikuwa ameinuka, peke yake, ameshusha vikombe vyenye ua la dhahabu, vile vya padri.

"Mara tatu," alimnong'oneza dada yake. "Unasikia? Usikose."

"Nasikia."

Abiria wa basi walikaribishwa barabarani na Mossie, mmoja mmoja, na kila mmoja akakataa inavyotakiwa, mpaka saa ya basi ikasahaulika na watu wa mji wa pili wakadhani limeanguka mtoni. Delia hakuwaangalia hao. Alisimama mlangoni, uliofunguliwa mpaka ukutani, akimngoja mmoja.

Peg alikuja akifuta magoti ya soksi. Macho yalikuwa mekundu na uso umetulia. Alimpa Delia ufunguo, kwa mikono miwili.

Delia alikuwa na karibu zake tatu tayari, zimepangwa. Alikuwa na ya nne pia, na ya tano, na nyingine nyingi, angeweza kusimama pale mpaka giza liingie.

"Karibu chai," alisema.

"Ndiyo, asante," alisema Peg Scully, akaingia papo kwa papo, kama mgeni wa mbali.

Kwenye kiti chake kando ya moto, Mossie aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi kukaa aliinamisha kichwa, akatazama viatu vyake. Delia alibaki mlangoni, ufunguo unavuta bega lake chini, na karibu zake zote mdomoni.